Hamira Iliyorudisha Damu ya Wajawazito

Mwaka 1928, daktari Mwingereza Lucy Wills aliwasili India kuchunguza upungufu wa damu uliowaua wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo mjini Bombay. Dalili zake wakunga wetu wanazijua: kope zimepauka kwa ndani, moyo unakwenda mbio, ngazi chache tu na mama anatafuta pa kuketi.

Wills aliuliza wanakula nini. Akakuta kwa maskini mboga na matunda ni adimu.

Akajaribu kuwapa Marmite, rojo nzito nyeusi itokanayo na hamira ya viwanda vya bia, ambayo Waingereza hupaka kwenye mkate. Kitu cha mezani, cha bei nafuu! Ndani ya siku chache damu ikaanza kupanda. Alichapisha matokeo yake mwaka 1931, lakini kiini cha tiba hiyo kilikuwa bado hakijulikani.

Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walikitenga kutoka majani ya spinachi, wakakiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Leo kliniki za wajawazito Tanzania na Kenya hutoa vidonge vyake pamoja na madini ya chuma. Mama, ukipewa, vimeze, usiviache kabatini.