CHOMBO NA MWENYEWE
Historia ya kuongoza ndege ndogo kwa redio

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: WIMBI, LUGHA, JINA. Tutayahitaji yote kabla ya kipindi kwisha.

Itazameni redio iliyo mbele yenu. Mawimbi ya vituo vingi yanaifikia sasa hivi, lakini ninyi mnasikia sauti moja tu. Ni kwa sababu mmoja wenu alizungusha kifundo mpaka akakipata kituo chetu. Akikosea, hasara ni kukosa somo. Lakini wako watu ambao kwao kosa kama hilo ni hatari. Hao hurusha ndege ndogo zisizo na rubani ndani. Mtu husimama chini ameshika mtambo wa kupeleka mawimbi, na ndani ya ndege kuna chombo cha kuyapokea. Ndege nyingine huwa na uzito wa kilo kadhaa, na panga lake la mbele huweza kukata vidole. Ndege hiyo ikimsikiliza mtu asiye wake, itaanguka, labda juu ya kichwa cha mtoto. Basi, chombo kitamjuaje mwenyewe?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1898, katika mji wa New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyogeuka kulia na kushoto bila kuguswa na mtu. Aliiongoza kwa mawimbi ya redio. Watazamaji walistaajabu. Lakini vyombo vingi vya siku zile viliitikia karibu kila wimbi lenye nguvu lililopita jirani. Mashua ya namna hiyo ingewezaje kuwa na bwana mmoja?

Jibu la kwanza lilikuwa WIMBI. Msukume mtoto katika bembea. Ukisukuma kwa kufuata mwendo wa bembea, itapanda juu. Ukisukuma ovyo ovyo, haipandi. Mtambo wa redio nao una mwendo wake wa kutetemeka. Mwaka 1897 Mwingereza Oliver Lodge alionyesha njia ya kuupa mtambo wa kupeleka na ule wa kupokea mwendo mmoja. Mwaka 1900 Marconi naye alipata hati ya serikali ya Uingereza, namba 7777, kwa njia yake ya kulinganisha mitambo.

Je, wimbi lilitosha? Sikilizeni yaliyotokea London mwezi wa Juni 1903. Profesa Fleming alikuwa akiwaeleza watu habari za simu ya upepo, na ilingojewa salamu ya Marconi kutoka mbali. Ghafula chombo kikaanza kupokea maneno ya dhihaka! Aliyeyapeleka ni Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe, kwa mtambo wake mwenyewe. Alitaka kuthibitisha kwamba mgeni anaweza kuingia kati.

Sasa twende Marekani, mwaka 1937. Mapacha wawili, Walter na William Good, walirusha ndege yao ndogo iliyoitwa Guff, wakaiongoza kwa redio. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Baada ya vita ya pili ya dunia mchezo huu ulienea, na uwanja mmoja ukawa na warushaji wengi. Katika miaka ya 1960 wengi walitumia mawimbi ya karibu na megahezi 27, yaani mitetemo milioni 27 kwa sekunde. Nafasi hiyo iligawanywa sehemu, na kila sehemu ilipewa rangi yake. Katika kila mtambo kulikuwa na kipande kidogo cha kristali kilichoshikilia wimbi lake. Kristali ziliuzwa mbili mbili, moja ya kupelekea na moja ya kupokelea. Hazikuwa sawa kabisa. Mara nyingi zilipishana kwa megahezi 0.455.

Hata hivyo, watu wawili wa rangi moja waliweza kuangushiana ndege. Dawa yake ilikuwa ubao na vibanio vya nguo. Kila wimbi lilikuwa na kibanio kimoja. Aliyekishika ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuwasha mtambo. Usalama wa uwanja mzima ulitegemea uaminifu wa kila mtu.

Jibu jingine lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1942. Hedy Lamarr, mcheza sinema, na George Antheil, mtunzi wa muziki, walipata hati ya Marekani kwa njia ya kuongoza silaha ya majini. Mitambo yote miwili iruke pamoja kutoka wimbi hadi wimbi, ili adui asiifuate. Katika miaka ya 2000 mitambo ya ndege ndogo ilianza kutumia mawimbi ya karibu na megahezi 2,400. Mingi kati ya hiyo huruka vivyo hivyo.

Mitambo hii ina JINA. Kila mtambo wa kupeleka una namba yake. Siku ya kwanza mwenye ndege hukitambulisha chombo cha kupokea, nacho huikumbuka namba ile na kuzikataa nyingine. Tena kuna LUGHA. Kila kiwanda hupanga amri kwa namna yake, kwa hiyo vyombo vya viwanda viwili mara nyingi havielewani ingawa wimbi ni moja. Mnunuzi asiyeuliza lugha hupoteza fedha zake.

Lakini mazoea ya wazee wa uwanjani hayajaachwa. Washa kwanza mtambo wa mkononi, kisha ndege. Ukimaliza, zima kwanza ndege. Usikiache chombo kimewaka bila mwenyewe.

Sasa mwalimu, zima redio. Wanafunzi, jadilianeni: ubao wa vibanio ulifanya kazi gani ambayo kristali haikuweza kuifanya? Andikeni jibu kwa sentensi tatu. Kwaherini.