Mchoro, Neno na Mvaaji

Mnamo 1608, mjini Antwerp, Otto Vaenius alichapisha michoro 124 ya mapenzi, kila mmoja na kauli yake ya Kilatini na beti zake. Katika mmojawapo Kupido anamwagilia mimea: penzi nalo hukua kwa kutunzwa.

Kwetu Morogoro, ambako kiwanda cha 21st Century Textiles kimechapa kanga, sanaa hiyo haikungoja kitabu. Kanga ina pindo, mji na jina. Chukua jina mashuhuri, "Japo sipati tamaa sikati". Mizani 5, kisha 6. Mwalimu wa arudhi angelirudisha, ingawa kina cha -ti kimetulia. Lakini nani anasema? Mwanamume akimtumia mchumba, ni ombi. Mwanamke akijitanda mbele ya mke wa mtu, ni kijembe. Akiulizwa, atajibu kwamba nguo ameikuta dukani. Hapo kejeli ya kanga inaipita ya Vaenius, maana kwake msemaji ni mtunzi, hapa ni mvaaji.

Uluguruni, ambako ukoo hufuata upande wa mama, pana ishara isiyoandikwa neno: mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, hakina mikono, kichwani kina vishungi viwili. Mwali alikabidhiwa akiwa ndani, akakitunza kama mtoto. Maneno yake yalikuwa katika nyimbo za makungwi. Vingi leo vimo katika makumbusho ya Ulaya, nyuma ya vioo, mchoro umebaki na beti zimeachwa mlimani.