Maktaba ya Programu Isiyoazimisha

Mpelelezi anayefungua kompyuta ya mtuhumiwa hukutana na mafaili malaki, na mengi hayamhusu mtuhumiwa hata kidogo: ni ya Windows, ya printa, ya michezo iliyonunuliwa dukani. Ndiyo sababu taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilianzisha maktaba ya programu iitwayo NSRL huko Gaithersburg, Maryland. Programu hununuliwa au hutolewa na watengenezaji, kila faili hupigiwa hesabu ya heshi, kisha diski na boksi lake hufungiwa kabatini. Heshi hulibana faili lolote, dogo kwa kubwa, likawa mfuatano mfupi wa tarakimu na herufi. Ikibadilika nukta moja, mfuatano wote hugeuka. Kinachotoka nje ni orodha ya heshi hizo na maelezo ya mafaili, si mafaili yenyewe. Mpelelezi huilinganisha na diski aliyoikamata, akayatenga yanayojulikana, akahangaika na yaliyobaki.

Sifa zote hupewa hesabu. Mimi ningelisifu kabati. MD5, mojawapo ya mbinu za heshi zinazotumika katika orodha hiyo, aliyoibuni Ronald Rivest mwaka 1991, iliaibishwa mwaka 2004 pale Xiaoyun Wang na wenzake walipoonyesha data mbili tofauti zenye heshi moja. SHA-1, mbinu nyingine ya heshi, nayo ikaangukia hapohapo mwaka 2017, mikononi mwa watafiti wa CWI ya Amsterdam na Google. Basi orodha ya nini tena, mtu atauliza. Hoja ina uzito, ila inachanganya mambo mawili. Watafiti hao waliyaunda wenyewe mafaili yote mawili, mapacha wa makusudi. Kulichukua faili lililokwisha kuorodheshwa na kulitengenezea jingine la heshi ileile ni kazi ngumu kupindukia, hata kwa MD5 iliyochakaa. Wa kuogopwa ni yule atakayeunda mapacha, akampeleka msafi kuorodheshwa na kumficha mchafu. Na huyo hazuiwi na hesabu, huzuiwa na kujua faili limetoka wapi. Tena heshi hairudi nyuma ikawa faili. Mwenye orodha tupu ya MD5 hana njia ya kupata kutoka humo heshi za mbinu imara zaidi, SHA-256, lakini mwenye diski kabatini huzipiga heshi upya.

Lipo pingamizi zito zaidi: kujulikana si kuwa salama. NSRL imeorodhesha hata programu za kuficha ujumbe ndani ya picha, kwa kuwa nazo huuzwa kihalali. Mpelelezi mvivu anayefuta kila kilichomo orodhani, bila kutazama ni programu ya aina gani, huenda akaitupa zana ileile iliyotumika kuficha ushahidi anaoutafuta.