Watalii wapita Mombo, Lushoto yawaangalia tu

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha likifika Mombo husimama kidogo, abiria wakanunua matunda na maji, kisha likaondoka. Mgeni aliyemo ndani huinua macho akautazama ukuta wa milima ulioko mkono wake wa kulia, pengine akapiga picha moja dirishani. Barabara ya kwenda Lushoto inaanzia papo hapo, kilometa zipatazo 33 za kona na maporomoko ya maji. Wageni walio wengi hawaipandi. Wanaenda Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, na hakuna aliyewaambia kwamba huko juu kuna kitu.

Wiki hii napenda tuitazame historia ya jambo hili, kwani wapo wanaodhani kwamba watalii huenda wapendako wenyewe. Mtalii hupita njia aliyotengenezewa, na njia hutengenezwa na serikali.

Wajerumani walilijua hilo mapema. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kampuni binafsi. Kampuni ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua reli hiyo kwa fedha za umma. Ilipofika Mombo mwaka 1905, mji wa Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ukawa mahali pa Wazungu kukimbilia joto na malaria za pwani. Waliofaidika si Wasambaa. Wao walinyang'anywa ardhi na kutozwa kodi, na mji ulioko katika milima ya dola ya Kimweri wa Vuga ukapewa jina la mfalme wa Ujerumani. Lakini somo la fedha za umma kutangulia, na wageni kufuata, linabaki pale pale.

Waingereza nao walikuwa na mpango wa kieneo. Mwaka 1948 iliundwa jumuiya ya kuitangaza Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, makao yake yakiwa Nairobi. Hapo ndipo ulipoanzia mgogoro ambao haujaisha hadi leo. Mgeni aliteremka Nairobi, akalala hoteli ya Nairobi, akakodi gari la Nairobi, akaja kwetu kuangalia wanyama siku mbili tatu, akarudi alikotoka. Mbuga zilikuwa zetu na fedha za kigeni zikawa za jirani. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uliofunguliwa mwaka 1971 ulikusudiwa kuvunja utaratibu huo.

Halafu ikaja Februari 1977. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa, Jumuiya nayo ikawa mahututi, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wetu zikazuiliwa. Sisi wa rika langu tulizaliwa mpaka ukiwa umefungwa, na wazee wetu walilieleza jambo hilo kwa namna mbili. Wapo waliosema serikali ilifanya ujasiri, na wapo waliosema tulijikata mguu wenyewe. Mimi naona kila upande una haki yake kidogo. Malalamiko yetu yalikuwa ya kweli, ila dawa ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Mtu aliyekuwa ufukweni Mombasa, ambaye kwa ramani yu karibu na Usambara kuliko mtu wa Dodoma, hakuweza tena kuja Lushoto kwa gari. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, isipokuwa njia ya Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, ambayo haikurudishwa kwa watalii.

Mwaka 1985 nchi hizi mbili zikatia saini mkataba wa utalii uliotaja mahali ambapo magari ya upande mmoja yangewakabidhi wageni kwa upande wa pili. Ndiyo maana Desemba 2014 Kenya ilipoyazuia magari ya Tanzania kuingia uwanja wa Jomo Kenyatta, mabishano yalirudi kwenye karatasi ya miaka karibu 30 nyuma. Ilibidi marais Kikwete na Kenyatta wakutane, Machi 2015, ndipo magari yakaruhusiwa.

Jumuiya mpya, ambayo Mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ina kifungu cha 115 kinachozitaka nchi wanachama zishirikiane katika utalii. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya watalii ya dola 100. Tanzania haikuingia. Oktoba 2021 Arusha ikawa mwenyeji wa maonyesho ya kwanza ya utalii ya Jumuiya, tukapongezana. Julai 2025 serikali yetu ikawakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, kuongoza watalii ikiwa mojawapo, na Nairobi ikalalamika tena.

Na Lushoto je? Msaada ulioifikia kweli ulikuwa mdogo na haukupigiwa ngoma. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la Uholanzi la SNV, pamoja na Bodi ya Utalii Tanzania, lilianzisha mpango wa utalii wa utamaduni, na Lushoto ikawa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Vijana wa huko walifundishwa kuwatembeza wageni kwa miguu hadi Irente, msitu wa Magamba na vijijini, na sehemu ya malipo ikatengwa kwa ajili ya kijiji. Waholanzi waliondoka mwaka 2001, vijana wakaendelea. Kwa maoni yangu, jambo hilo limemsaidia Msambaa wa kawaida kuliko mikutano yote niliyoitaja hapo juu.

Hata hivyo vijana hao hawawezi kujenga barabara wala kuzungumza na Nairobi. Ukisimama Mtae, ukingoni mwa milima, unaiona chini Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, na ng'ambo yake Tsavo ya Kenya. Tembo hupita huku na huko bila pasi. Mtalii aliyeko Tsavo hana njia kama hiyo. Hana budi azunguke hadi Taveta na Holili, au ateremke pwani hadi Lunga Lunga na Horohoro.

Lakini njia ya Horohoro sasa ni lami hadi Tanga, na kutoka Tanga ni lami hadi Lushoto. Wizara zetu mbili zikikutana tena kuzungumzia magari na viwanja vya ndege, naomba mjumbe mmoja tu aikunjue ramani, aweke kidole Mombasa, kingine Lushoto, awaulize wenzake kwa nini safari hiyo haimo katika vitabu vyao vya matangazo.