Kanda za Kujirekodia na Msikilizaji wa Muziki wa Dansi katika Handeni na Korogwe

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata bendi, watunzi na kumbi za Dar es Salaam. Msikilizaji aliyekuwa mbali na kumbi hizo, kama vile mkazi wa Mazingara wilayani Handeni au kibarua wa mashamba ya mkonge ya Korogwe, hutajwa kama mpokeaji tu. Makala haya yanadai kuwa msikilizaji huyo alikuwa pia mteuzi na mhifadhi, na kwamba chombo chake kilikuwa kanda aliyoirekodi mwenyewe.

Chanzo cha desturi hiyo ni uhaba. Katika miaka ya 1970 santuri za bendi za Tanzania zilitengenezwa Nairobi. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ikawa ngumu. Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa upande wake, iliendelea kurekodi bendi studioni na kutangaza nyimbo zao nchi nzima. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijulikana vijijini kwa njia hiyo. Wimbo ulisikika hewani, lakini dukani haukuwapo.

Redio kaseti ndiyo iliyoziba pengo hilo. Kanda ya dakika 60 ilitoa dakika 30 kila upande, nao wimbo wa dansi, wenye sehemu ya mashairi na kisha chemko, uliweza kufika dakika saba. Upande mmoja, basi, ulibeba nyimbo nne hivi. Ufinyu huo ulimlazimisha mrekodi kuchagua, na uchaguzi wake ni ushahidi wa kihistoria. Alisubiri kipindi, kidole kikiwa juu ya kitufe, akijaribu kuikwepa sauti ya mtangazaji. Mara nyingi hakufaulu. Bahati njema kwa mtafiti, kwa kuwa mabaki ya sauti hiyo huweza kutambulisha kipindi kilichorekodiwa. Pasipo na umeme, mawe ya redio yalikuwa mzigo kwa mfuko, hivyo utepe ulirudishwa nyuma kwa kalamu iliyochomekwa katika tundu la kaseti. Vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti vilipovunjwa, haikurekodiwa tena. Vitundu vikizibwa kwa karatasi, kilichokuwamo kiliweza kufutwa.

Mvuto wa kanda hizo haukuwa katika ubora wa sauti. Ulikuwa katika ujirani wa nyimbo. Kaseti iliyobeba dansi ya redio upande mmoja iliweza kubeba upande wa pili selo ya Wazigua au mdumange wa Wasambaa, uliorekodiwa harusini pamoja na vigelegele na mazungumzo ya wageni. Orodha za studio haziwezi kuonyesha ujirani huo. Kanda iliweza pia kuwa zawadi: aliyeipanga alisema kwa nyimbo za wengine jambo ambalo barua ingelisema kwa aibu.

Hata hivyo, sifa hizi zisifiche hasara. Mwanamuziki hakulipwa kwa nakala hizo, na vibanda vya mijini vilivyorekodi nyimbo kwa malipo viligeuza mapenzi ya msikilizaji kuwa biashara isiyomjua mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ilikuja wakati desturi hiyo ilikwisha kuota mizizi. Ni kosa, hata hivyo, kumhukumu mkulima mwenye kaseti moja kwa kipimo kilekile cha mwenye kibanda: wa kwanza hakuwa na mahali pa kununua.

Kadi za kumbukumbu za simu zimeondoa ufinyu wa dakika 30, na kazi ya kuchagua sasa hufanywa mara nyingi na mpakiaji wa nyimbo kibandani. Kaseti za zamani huota ukungu, au hurekodiwa mahubiri na mawaidha juu ya dansi. Zilizosalia zina majalada yaliyoandikwa kwa mkono, ambayo mara nyingi hutaja jina la wimbo bila jina la bendi.