Kete Nne, Simu Moja: Ludo Ilivyofika Londiani

Kama ushawahi kucheza Ludo King, unazijua sheria hata kama hujawahi kuzisoma popote. Kila mchezaji ana rangi yake na kete nne. Huwezi kutoa kete bila kupata sita. Ukipata sita, unarusha tena. Ukiangukia kete ya mwenzako mahali ambapo si salama, umeikula, inarudi kwao ikaanze upya. Njia ya kuzunguka bodi ina nafasi 52, na anayefikisha kete zake zote nne katikati kabla ya wengine ndiye mshindi. Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la pili anaelewa kwa dakika tano, na mtu mzima mwenye familia anaweza kununa siku nzima kwa sababu kete yake ililiwa ikiwa hatua mbili kutoka nyumbani.

Mchezo mwepesi hivi una historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo inapita kwenye miji kama Londiani. Huu ni mji mdogo wa Kaunti ya Kericho, upande wa baridi na misitu, kabla hujateremka kwenye mashamba ya chai. Ni mji wa reli. Bila reli, Londiani ya leo isingekuwepo.

Tuanzie India. Huko kuna mchezo wa kale unaoitwa pachisi, jina lililotokana na neno la Kihindi la ishirini na tano. Bodi yake ina umbo la msalaba, na mara nyingi ilishonwa kwa kitambaa ili mtu aikunje aende nayo. Hawakutumia dadu. Walirusha simbi, zile kauri za baharini, wakahesabu ngapi zimeangukia tumbo na ngapi mgongo. Ishirini na tano ilikuwa hesabu ya kutamaniwa. Watu wanne walikaa pande nne, na waliotazamana walikuwa timu moja. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 16 mfalme Akbar aliucheza kwenye ua wa kasri lake la Fatehpur Sikri, akiwatumia watu halisi badala ya kete.

Waingereza waliotawala India waliona mchezo huo, wakaupenda, wakaupunguza. Mwaka 1896 toleo lililorahisishwa lilisajiliwa Uingereza kwa jina la Ludo, neno la Kilatini linalomaanisha "nacheza". Simbi zilitolewa, dadu ikaingia. Ule ushirika wa timu mbili ukawekwa kando: sasa kila mtu alicheza kivyake. Ukitaka kujua tofauti kubwa kati ya pachisi na ludo, ni hiyo. Mchezo uliokuwa wa kupangana na mwenzako ukawa wa kila mtu na kete zake.

Mwaka huohuo wa 1896, reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Takriban 2,500 walifia kazini, na zaidi ya 6,000 walibaki huku baada ya mikataba yao kuisha. Reli ilipanda hadi Mau, ikapita Londiani, ikateremka hadi Kisumu Desemba 1901. Kwa miaka mingi baada ya hapo, Londiani ilikuwa mlango wa Uasin Gishu: mizigo ilishushwa stesheni, ikapakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe, ikavutwa kwenye matope kuelekea Eldoret. Mambo yalibadilika mwaka 1924, reli ya kutoka Nakuru ilipofika Eldoret na Londiani ikabaki pembeni.

Kwa hiyo fikiria nani walikutana kwenye stesheni ile. Wahindi, ambao kwao pachisi ni mchezo wa nyumbani. Waingereza, ambao walikuwa wameupa mchezo huohuo jina jipya na kuuweka kwenye boksi la dukani. Na wenyeji, ambao hawakuhitaji kufundishwa na mtu maana ya kusogeza kete. Wakalenjin walikuwa na kechuiek, Wamaasai enkeshui, Wajaluo ajua, Wakikuyu giuthi: yote ni michezo ya jamii ya bao, ya mashimo na mbegu, ambayo haina bahati hata kidogo. Kwenye bao ukishindwa, umeshindwa na akili ya mwenzako. Hakuna dadu ya kulaumu.

Hata neno lenyewe linafurahisha. Kete kwa Kiswahili ni simbi ndogo ya kuchezea bao, halafu ikawa jina la kitu chochote unachosogeza kwenye mchezo. Yaani simbi iliyorushwa India ili kuhesabu hatua, huku pwani ilikuwa ndiyo inayotembea. Bahari ni ileile.

Sasa turuke hadi kwenye skrini. Mwaka 1998 Nintendo walitoa Mario Party, na wazo lake lilikuwa rahisi: chukua bodi, uiweke ndani ya televisheni. Wachezaji wanne wanarusha dadu kwa zamu, wanasogea kwenye nafasi, na kila raundi ikiisha wanapambana kwenye kamchezo kafupi ili kushinda sarafu. Sarafu zinanunua nyota, nyota zinaamua mshindi. Gemu hiyo ilionyesha kwamba mashine inaweza kufanya kazi zote za bodi: kurusha, kuhesabu, kusogeza, kuadhibu. Lakini ilihitaji kifaa cha bei, na watu wanne wenye vidhibiti sebuleni.

Mwaka 2016 kampuni ya Gametion ya Mumbai ikatoa Ludo King, na hiyo ilihitaji simu tu. Mwaka 2020, korona ilipofungia watu ndani, gemu hiyo ililipuka dunia nzima. Unafungua chumba, unapata namba ya siri, unawatumia wenzako, mnaanza. Mmoja akiwa Londiani, mwingine Nairobi, mwingine kazini Doha. Tusilidharau hilo. Kwa familia iliyotawanyika, nusu saa ya kulana kete ina maana kuliko "hujambo, sijambo" ya kila Jumapili.

Lakini kuna kitu simu ilichukua.

Ukicheza ludo ya bodi, sheria haziko kwenye bodi. Ziko kwa watu. Dadu ikianguka chini, inahesabiwa au inarudiwa? Sita tatu mfululizo zinafutwa au ni baraka? Kete mbili za rangi moja zikikaa pamoja, zinafunga njia au zinaliwa? Lazima ule kwanza ndio uruhusiwe kuingia nyumbani? Kila meza ina majibu yake, na majibu hayo hutafutwa kwa kelele. Anayeketi pembeni anaingilia. Mzee mmoja anasema "hapa kwetu tunacheza hivi". Mnabishana, mnakubaliana, mnaendelea. Kesho mnabishana tena.

Kwenye simu, mabishano hayo hayapo. Mashine imeshaamua. Ukitaka kusogeza kete vibaya, haikubali. Na kwa kuwa huioni dadu ikizunguka mkononi mwa mtu, hasira inakosa mwenyewe, ndio maana kila mtu ana hakika kwamba "hii simu inaniibia". Hesabu inasema vingine: kwa dadu ya haki kabisa, ukirusha mara sita, una nafasi kama moja kati ya tatu ya kutoona sita hata moja. Bahati mbaya ni ya kawaida kuliko tunavyodhani. Ila mezani ungemwona mwenzako naye akihangaika, ungecheka.

Mbona hili ni jambo kubwa? Kwa sababu ya mahali tunapopazungumzia. Londiani ni mji wa watu waliokuja kwa njia tofauti: Wakipsigis, Wakikuyu, Wakisii na wengine, kwenye ardhi iliyogawanywa na wakoloni kisha ikagawanywa tena baada ya uhuru. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilifika huku. Nyumba zilichomwa, majirani wakakimbiana. Ludo isingezuia hilo, na anayesema ingezuia anakudanganya. Lakini mji kama huu unajua gharama ya watu kusahau kubishana bila kuumizana. Meza ya ludo ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mtu anakwambia usoni kwamba umeiba, kisha anakupitishia dadu kwa sababu ni zamu yako.

Ndani ya Ludo King kuna namna moja ya kucheza ambayo haitumii bando hata kidogo. Simu moja, watu wanne, mnapokezana. Mnailaza katikati, kwenye kiti cha boda au juu ya kreti ya soda, na ile skrini inakuwa bodi. Mashine bado inarusha dadu, hilo huwezi kulibadilisha. Ila kidole kinachobonyeza ni cha mtu, na waliosimama pembeni wanaona kila kitu. Mmoja akibonyeza kabla ya zamu yake, mnajua nani wa kumlaumu.