Syokimau
Nabii wa kike wa Wakamba, ambaye masimulizi humnasibisha na vilima vya Iveti huko Machakos, nchini Kenya, na zama za kabla ya kuja Wazungu. Yasemekana alibashiri nyoka mrefu mwenye kutema moto na moshi, na watu wageni wachukuao moto mifukoni. Nyoka hufasiriwa kuwa ni reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikawasili Nairobi mwaka 1899, pasipo kuupitia mji wa Machakos wenyewe. Na moto, kuwa ni kiberiti. Wenye shaka hunena kwamba utabiri ulisukwa baada ya reli kwisha kulazwa, hoja nzito, kwani riwaya za mdomo hazina tarehe. Ama sura na umri wake, masimulizi mashuhuri hayakushughulika navyo, hata kila mwenye kutaka kumchora au kumwigiza jukwaani hana budi achague baina ya binti na ajuza. Na amchaguaye binti, ingawa mazoea hupenda hekima iwe na mvi, hakuikhalifu hadithi. Stesheni ya reli ya Syokimau, iliyofunguliwa mwaka 2012, ina jina lake.